Freddie ndugu yetu, mpambaji wetu je?

Juzi napita Shangani, hapa Mji Mkongwe Zanzibar, jua la saa nane, pale kwenye nyumba ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, papasi mmoja, hawa wanaotembeza watalii, kawakusanya wazungu anawahadithia, Kizungu kinamtoka kama maji, eti Farrokh Bulsara ni mtoto wa hapa hapa, kazaliwa 1946, ndugu yetu wa damu, mkono kifuani kabisa. Mara akapita kijana mmoja namjua, ndo anayepamba maharusi nusu ya mji huu, kanzu safi, kimkoba cha piko begani, hana habari na mtu. Papasi akatema mate chini, "hanithi we!", halafu akawarudia wageni wake na tabasamu lile lile.

Mdomo wangu mnaujua. Nikamuuliza, kaka, na huyo ndugu yako wa ukutani unajua alikuwa akiishi na mwanamume mwenzake? Akacheka. "Dada, yule anatuletea riziki."

Haya.

Mnakumbuka 2006? Watu walitaka kumfanyia Freddie sherehe ya miaka 60 tangu azaliwe, Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu, wakaja juu, sherehe ikafa. 2019 makumbusho yakafunguliwa na mji ukapiga kimya. (Najua, viongozi wa Uamsho wakati huo walikuwa ndani. Lakini na nyie wengine mlikuwa wapi?)

Dini siigusi, na mimi nasali. Ila bia za mahotelini mbona sijaona anayezitemea mate?

Kinachoniudhi hasa ni hii stara yetu. Wazee barazani watakwambia sisi hatuna shida na mtu, kila mmoja na kaburi lake, ilimradi ajistiri. Sawa, nakubali nusu, wapo waliozeeka mitaa hii bila kuguswa kwa sababu ya hiyo stara. Lakini wale vijana 10 waliokamatwa Pongwe 2018, kwa tuhuma ya harusi ya wanaume, walikuwa wamemvulia nani nguo hadharani? Stara inamlinda jirani asione aibu, yule mwenyewe akibebwa na polisi kila mtu anakumbuka kaacha chungu jikoni.

Na sisi wanawake ndo wabaya zaidi, tusidanganyane. Harusini tunamwita shoga, shoga njoo, shoga kaa hapa, na neno lenyewe kwetu ni tamu, maana yake mwenzangu. Likitoka ukumbini likifika barazani linageuka jiwe. Mimi mwenyewe kanipamba yeye. Saa nne nzima kainamia miguu yangu, ua la piko moja baada ya jingine, akikosea anafuta kwa ncha ya kijiti kilichozungushiwa pamba, huku ananichekesha nisilie, maana nilikuwa nalia. Mama kamtilia pilau sahani yake peke yake, nyama za juu. Wiki ya pili nikakutana naye Darajani, niko na mume wangu. Nikamuona ananiona. Nikainama kwenye mafungu ya nyanya nikawa nachagua, nachagua, mpaka mume wangu akauliza kwani tuna shughuli.

Basi juzi pale Shangani nilimuacha papasi na riziki yake nikamkimbilia yule kijana, kichochoro kile chembamba, buibui linanitatiza, nikamwita kwa nyuma, "Shoga! We shoga!"

Hakugeuka. Akaongeza mwendo.