Pasipoti haijui kuogelea

Juzi usiku nimeamka kunywa maji, nikafanya kosa la kufungua grupu la WhatsApp la ukoo. Kuna binti yetu mmoja wa Minneapolis anaenda kruzi, ile safari ya starehe kwa meli, Disemba, mara yake ya kwanza, kauliza swali la maana kabisa: siku ya kupiga snokeli (kuogelea kifudifudi na miwani na mrija), pasipoti na grinkadi, yaani kadi ya ukaazi wa Marekani, naziweka wapi? Hata hajapumua, mjomba mmoja ambaye bahari anaionea kwenye kalenda kashusha voisi ya dakika nne. "Mwanangu, ugenini hati zako zisitoke mwilini. Nunua kile kipochi kisichoingiza maji, vaa shingoni, ingia nacho." Chini yake dole gumba kumi na saba. Nilihesabu mara mbili.

Usingizi ukaisha hapo hapo. Kwa sababu hicho kipochi mie nakijua, nimekaa nacho kabini moja, nimekianika juu ya kiti.

Mwaka juzi tulipanda meli Galveston, Texas, siku tano, mie na mume wangu na watoto na wifi yangu. Siku ya tatu asubuhi ndo Cozumel, kisiwa cha Mexico. Sasa wifi yangu, mtu mzuri sana, anapika biriani la kumfufua mtu, lakini yeye na karatasi zake ni ndoa. Kakaa miaka kumi na moja akisubiri ile kadi, namuelewa. Kanunua kipochi cha plastiki angavu chenye klipu tatu juu, kajaza humo: pasipoti, grinkadi, kadi ya benki, noti mbili za mia mia, na simu. Nikamwambia wifi, hapo kabatini chini ya henga pana sefu, weka namba nne funga. Akaniangalia kama nimemwambia aiache pale barazani Kariakoo. "Wafanyakazi si wanaifungua hiyo?" Mume wangu, kaka yake huyo, ghafla akaanza kutafuta soksi.

Boti yetu ilisimama sehemu tatu: Palancar, Colombia, halafu El Cielo. Palancar na Colombia ni miamba, maji ya kina, kipochi kikatulia juu ya laifu jaketi na mie nikaanza kujiona mchawi bure. El Cielo sasa. Pale hapana mwamba, ni mchanga mweupe tu na maji ya kifuani, na chini kiti cha pweza wamelala, wakubwa, rangi ya machungwa. (Kwetu Nungwi hicho ni kiti cha pweza, msiniletee samaki nyota hapa.) Mwongozaji katuonya: msiwaguse, msiwanyanyue, tazameni tu. Wifi anataka picha. Simu iko wapi? Kwenye kipochi. Kafungua klipu ya kwanza, ya pili, ya tatu, amesimama ndani ya maji, kavuta simu, na ile grinkadi ilikuwa imeganda nyuma ya simu kwa unyevu kama stampu. Ikatoka nayo, ikaachia. Haikuelea hata kidogo, ile si karatasi. Ilikwenda chini ikiyumba yumba taratibu kama jani la mkungu, na wifi akapiga ukelele ambao nadhani meli ya jirani waliusikia. Na kipochi kwa wakati huo kiko wazi kinakunywa maji, pasipoti ndani.

Yule kijana mwongozaji akatuambia neno moja tu, tusinyanyue miguu. Maana mkikanyaga kanyaga mchanga unapanda, kadi inafukiwa, mchezo umekwisha. Basi fikiria watu kumi na nne wamesimama kama minazi ndani ya bahari ya Karibi, hakuna anayesogea, na kijana anazunguka na miwani yake na mrija katikati ya miguu yetu. Dakika kumi hivi. Aliikuta imelala shubiri moja kutoka kwa kiti cha pweza, picha ya wifi inatazama juu. Tukampa dola ishirini na mie bado naona tulimpunja.

Pasipoti ile tuliikausha siku mbili, tishu kati ya kila kurasa mbili, tunabadilisha kila saa kama nepi. Wifi alitaka kutumia draya ya nywele nikamnyang'anya, maana hizi pasipoti zetu za Tanzania za kielektroniki zilizoanza 2018 zina chipu ndani, hutaki kuichoma. Ilikauka, lakini ilivimba kama andazi na haikukubali kufunga tena.

Sasa turudi kwa mjomba na dole gumba zake. Kinachoniudhi ni kwamba hakusema upuuzi wa mtu mjinga. Alisema kitu ambacho wengi wetu tunakiamini kwenye mifupa. Sisi tumekulia kwenye kuulizwa. Kitambulisho kiko wapi, barua ya sheha iko wapi, risiti iko wapi. Halafu tukaja huku tukaulizwa zaidi. Mtu akishapata karatasi baada ya miaka yote hiyo, ya mawakili na ya kukosa misiba ya nyumbani kwa sababu kesi haijaisha, basi karatasi inakuwa mtoto mchanga, ukimuweka chini tu roho inadunda. Wifi yangu hakuwa mpumbavu. Alikuwa anaogopa, na aliogopa kwa sababu. Lakini ule uoga umefundishwa na askari na makarani, haukufundishwa na bahari. Bahari haikuibii, wala haihitaji kukuibia, inasubiri ufungue klipu mwenyewe ili upige picha.

Na pochi hizi, hata ile nzuri ya bei, zote zina tabia moja: zinafanya kazi mpaka uzifungue. Ndo maana simu haikai na hati kwenye pochi moja, maana simu ndo itakayotolewa. Ukinunua pochi tia tishu kavu ndani, izamishe kwenye sinki na kikombe juu yake usiku kucha, asubuhi uitazame tishu. Wifi baada ya kurudi Houston ndo alijaribu. Tishu ilikuwa uji.

Kwahiyo mie msimamo wangu ni huu na sibadilishi: pasipoti na grinkadi zinabaki kwenye sefu ya kabini. Si za mmoja, za wote, mpaka watoto. Unashuka na kadi ya meli (ile wanayokupa ya kuingilia na kutokea), leseni ya udereva, na dola kidogo za noti ndogo ndogo. Basi. Cozumel ukirudi getini wanataka uonyeshe kadi ya meli na kitambulisho chenye picha, leseni inatosha. Sasa piga hesabu za kupoteza. Kadi ya meli ikipotea unakwenda kaunta wanakuprintia ingine. Leseni ya Texas ikipotea ni dola 11. Grinkadi ikipotea, fomu ya kuomba ingine, I-90, ni dola 415 kwa mtandao na 465 kwa karatasi, na hiyo ni kama umeshafika nyumbani. Ikipotea ukiwa nje ya Marekani kuna fomu ingine, I-131A, dola 575, ili tu ndege ikubali kukupakia, halafu ndo uje ulipe na ile ya kwanza. Na pasipoti uanze kusumbuana na ubalozi Washington. Dola 11 na karibu elfu moja, na bado mtu anachagua kuingia baharini na ile ya elfu moja shingoni!

Najua mtasema sheria. Ndio, sheria ya Marekani inasema ukiwa na miaka 18 na kuendelea grinkadi utembee nayo muda wote, na hali ilivyo siku hizi hata mie ukinikuta dukani Houston ninayo. Siibishii hiyo. Lakini pale kifuani kwenye maji ya Mexico nani anakuja kukuuliza, kiti cha pweza?

Halafu kuna hoja ya wafanyakazi kufungua sefu. Wanaweza, kweli, mtu akisahau namba wanaifungua. Lakini linganisha jamani. Huku pana kabini yenye mlango, na meli inajua nani kaingia na kadi gani saa ngapi. Huku pana begi lako chini ya taulo ufukweni, na wewe umelala kifudifudi juu ya maji, masikio yamezama, uso unatazama chini. Kupiga snokeli ndo mchezo pekee ambao kanuni yake ya kwanza ni kutotazama vitu vyako. Na hilo taulo, wallahi, kila mwizi wa kila ufukwe duniani anajua viatu viwili vimepangwa vizuri juu ya taulo lililokunjwa maana yake simu iko chini.

Hoja moja tu ndo inanikalia vibaya: je meli ikikuacha? Hapo mjomba kapata nusu alama, naandika huku nimenuna. Meli haisubiri mtu, saa ikifika kamba zinafunguliwa, na wewe umebaki gatini na kaptula mbichi. Ukikata safari ya boti kupitia meli yenyewe wanakusubiri au wanabeba jukumu lako. Ukikata mwenyewe kwa bei rahisi kama tunavyopenda sisi, jukumu ni lako. Kwahiyo ukitaka kuvuka na feri mpaka Playa del Carmen ukazunguke bara huko, sawa, chukua pasipoti, lakini siku hiyo huogelei, au wataingia majini wenzako wewe umekaa na begi. Mchague. Mie nabeba kopi ya karatasi ya kurasa za mbele, na picha zake nimejitumia kwenye barua pepe, maana picha iliyo kwenye simu iliyozama nayo imezama.

Kukaa na begi ni kazi, watu wanaidharau tu. Kaka yangu alikuwa anapeleka wageni Mnemba kwa boti ya mbao yenye turubai, na kwenye boti ile mdogo wetu kazi yake ilikuwa moja: haogi. Wote wanaruka, kapteni naye wakati mwingine anaruka, yeye kabaki na mabegi yamerundikwa mbele juu ya kichanja yasiguswe na maji ya chini. Kuna mgeni mmoja aliruka na pasipoti mfuko wa nyuma wa kaptula. Kaka anasimulia mpaka leo, alivyopanda ngazi akajipapasa makalio, rangi ikamtoka uso mzima. Kwahiyo popote ninapopanda boti, kabla sijalipa nauliza nani anabaki. Wakisema "usijali dada, hapa hakuna mwizi" najua hakuna anayebaki.

Simu nitasema mstari mmoja, maana watu wananunua zile zisizoingia maji wanajitamba: zimepimwa kwa maji baridi ya bomba, chumvi ni mtu mwingine, ikilowa isuuze na usiichaji mpaka ikauke.

Na dhahabu. Mashangazi zangu, nawapenda, nawaheshimu, vueni. Maji yakikubaridi vidole vinanywea, pete iliyokataa kutoka kwa sabuni miaka ishirini inatoka yenyewe bila hodi. Na wavuvi wa kwetu wanajua mzia anavyovutiwa na kinachometa, yeye anadhani bangili yako ni kidagaa. Bibi yangu alikuwa anakwenda kuchokoa pweza maji yakitoka, dhahabu zote kaziacha ndani ya mkoba wa ukili, pindoni mwa kanga kafunga shilingi za kununulia sukari akirudi. Mpaka kiunoni anaingia. Pindo likilowa linaanikwa.

Nilimjibu yule binti faragha, maana grupu lilishageuka ugomvi, mtu kashaleta habari za bima na mwingine anauza vipochi. Nikamwambia sefu, namba nne, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Akauliza, "Shangazi, sasa roho ikidunda nikiwa majini?" Nikamwambia itadunda. Siku ya kwanza itadunda.

Wifi yangu alikwenda Dar mwaka jana na pasipoti ile ile, hajaibadilisha, anasema bado ina miaka. Uwanja wa ndege kijana wa uhamiaji kaifungua, kurasa zinapiga kelele kama keki kavu, muhuri wa Namanga umesambaa kama wino wa pweza. Akanusa kidogo. "Mama, hii ilitumbukia baharini?"

"Chai," wifi akasema. "Ilimwagikiwa chai."

Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Nikatazama viatu vyangu.