Kiti Chake Kilikuwa Ukumbini

Shangazi yangu alipooza upande mmoja baada ya kiharusi. Akili yake nzima, na ulimi ni uleule. Usiku mmoja nililala kwake Mombasa, nikamkuta amekaa kitandani anautazama mlango. Kiti chake cha magurudumu kilikuwa ukumbini. Dada anayemhudumia alikuwa akikiondoa kila baada ya isha, asije akaamka akaanguka.

"Nikibanwa na haja usiku, inabidi niite mpaka mtu asikie," aliniambia. "Mara nyingine hasikii mtu."

Hakuna aliyempiga. Alikuwa akilishwa, akioshwa, akibadilishiwa shuka. Lakini kumnyang'anya mtu kiti chake kila usiku ni kumfunga. Na jamaa sote tulikuwa tukikiona pale ukumbini, tunakipita.

Ukitaja haki za watu wenye ulemavu, wengi hufikiria njia za viti vya magurudumu kwenye majengo na ile asilimia 5 ya nafasi za kazi wanayotengewa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inaanza na jambo la karibu zaidi: mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na aitwe kwa namna isiyomdunisha. Kifungu cha 29 kinakataza ukatili, uwe wa serikali au wa mtu binafsi, kwa hiyo chumba cha kulala nacho kimo. Na ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008, unataka mtu atibiwe kwa ridhaa yake mwenyewe.

Ridhaa yake. Kliniki, daktari alimpima presha shangazi, kisha akaniuliza mimi: "Huyu anakula vizuri?"

"Niulize mimi, daktari," shangazi akasema.

Yule dada simlaumu peke yake. Mshahara wake mdogo, hana zamu ya kupumzika, na alijua shangazi akianguka ataulizwa yeye. Tulimpa woga huo sisi, naye akautua kwa shangazi. Tulikaa wote watatu, tukakubaliana kiti kilale kando ya kitanda, breki zimefungwa, na kengele iwe mkononi.

Wiki ya pili shangazi alianguka kweli, akachubuka kiwiko. Nilipokisogelea kiti, alilishika gurudumu kwa mkono wake mzima.

"Kikae hapahapa," akasema.