Siku niliyoirudisha kompyuta 2009

Jamani acheni nijicheke mwenyewe kwanza. Nina kompyuta ya mezani ya kizamani, RAM GB 2, kadi ya grafiki haina, picha zote zinatoka kwenye ubao mkuu (motherboard) wenyewe. Mpwa wangu kaja na gemu lake, tukalifungua likagoma, eti memori ya video haitoshi. Nikamwambia hilo dogo, tulia umuone anko wako.

Nikaingia bayosi, ile menyu ya seti za kompyuta kabla Windows haijawaka, naigonga Delete kama naua mende, nikakuta pamesetiwa MB 32. Ah, kumbe ndo maana! Kulikuwa na 64, 128, 256 hadi 512, na mimi vya katikati sivijui, nikapiga 512, F10, nikaseva. Sasa hizo MB kumbe hazishuki kutoka mbinguni, zinakatwa humohumo kwenye RAM, yaani nimetoa hela mfuko wa kushoto nikatia wa kulia halafu nashangilia mshahara. Windows ikabaki na GB 1.5, ikaanza kujikokota, unasogeza mausi, unasubiri, mshale unafuata baadaye.

Na gemu likagoma tena! Safari hii halikutaja memori, likasema chipu haina sheda linazotaka, zile za kupaka rangi na mwanga kwenye picha. Yaani shida uzee, sio ukubwa.

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikarudi bayosi, nikaona kamstari ka video ya ndani, nikawaza labda nikiizima na kuiwasha itajipanga upya. Nikaizima, nikaseva. Kioo cheusi tii. Feni inazunguka, taa inawaka, na pa kuiwashia ndo palepale pasipoonekana.

"Anko, umeiua?"

Nikafungua keisi, nikakachokonoa kale kabetri ka CR2032 kalikokaa kama sarafu, kanakotunza seti za bayosi, ili zifutike zirudi za mwanzo, kakaruka pwaa mpaka chini ya kabati, tukalala kifudifudi na tochi ya simu tunakasaka, kakatoka kamevaa vumbi kama sweta. Tukasubiri dakika kumi, nikakarudisha, nikawasha. Cheusi. Nikakatoa tena, nusu saa nzima, cheusi vilevile. Hapo nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia wife. Ndo dogo akauliza kwa upole kabisa,

"Anko, mbona waya wa umeme bado umechomekwa?"

Kumbe ubao unakunywa umeme wa ukutani muda wote huo, seti zangu zimetulia mle zinatuchora tu. (Na mimi nachokonoa na bisibisi ya chuma, Mungu mkubwa.)

Tukachomoa waya, kabetri nje dakika tano, tukarudisha vyote, ikawaka. MB 32 zake palepale. Ila saa nayo imepotea, kompyuta inaamini ni Januari 2009, kila tovuti ukifungua brauza inalalamika cheti cha usalama sijui hakijaanza kutumika. Dogo akaishia kucheza karata za Windows, na jioni nikamsikia kwenye simu anamwambia mama yake, "Gemu halijakubali, ila anko ameirudisha kompyuta kabla sijazaliwa."