Mashabiki wa Afrika wako wapi katika biashara hii?

Nimesoma habari ya kampuni ya Marekani, Liberty Media, kununua asilimia 84 ya Dorna, kampuni yenye mbio za pikipiki za MotoGP, mwaka 2025, wakati Formula 1 wanayo tangu Januari 2017. Yaani mbio za magari na za pikipiki sasa ziko kwa bwana mmoja! CVC, kampuni ya uwekezaji iliyowauzia Formula 1, walipotaka kushika zote mbili mwaka 2006, wasimamizi wa ushindani wa biashara wa Ulaya waliwalazimisha kuiuza MotoGP. Safari hii wameruhusu. Hilo mwandishi hakuligusa, na mie naliona ndilo kubwa.

Lakini linaloniuma ni jengine. Formula 1 haijakanyaga Afrika tangu mbio za Kyalami, Afrika Kusini, 1993. Wenye kuimiliki wamebadilika mara ngapi tangu hapo? Kila anayekuja hufuata mji wenye donge nono la kulipia mashindano.

Sisi wa Mombasa tunajua kusahauliwa. Safari Rally ya zamani ilikuwa ikishuka hadi huku pwani. Marehemu baba alinipeleka kando ya barabara, Mariakani, magari yakapita yamejaa vumbi jekundu, na hatukulipa kiingilio hata senti. Baada ya 2002 ikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia, ikarudi 2021, ila ni Naivasha.

Basi waandishi wetu, wakiwapata hao wanunuzi, waulizeni tiketi itakuwa bei gani na mbio zitarushwa kwenye runinga ya bure au ya kulipia. Vijana wa Majengo na Likoni wanazipenda mbio hizi kweli kweli.