Neva iliyobanwa haihitaji tiketi ya ndege

Kila ndugu wa nyumbani anapopata ganzi ya mguu isiyoondoka, simu huja kwetu tulio ughaibuni, na ombi huwa lile lile: atafutiwe njia ya kuja kupasuliwa Uingereza, au walau apelekwe India. Mimi nimepasuliwa hapa Leicester na mpwa wangu amepasuliwa Moshi, sote kwa neva ile ile, yaani mshipa wa fahamu wa mguuni, na kwa niliyoyaona siliungi mkono ombi hilo.

Neva yenyewe hutoka nyuma ya goti, ikazunguka shingo ya ule mfupa mwembamba wa upande wa nje wa mguu, mahali ambapo haina kinga zaidi ya ngozi na mafuta kidogo, kisha ikazama chini ya ukingo wa msuli. Hapo ndipo hubanwa. Mimi niliiponza kwa miaka mingi ya kutandika vigae nikiwa nimechuchumaa. Mpwa wangu alivunjika mguu katika ajali ya bodaboda, akafungwa hogo lililombana mno chini ya goti. Dalili yangu ya kwanza ilikuwa ndala. Nilipokuwa nikipanda ngazi, ya kulia ilichopoka, nikairudisha, ikachopoka tena, ndipo nikagundua kwamba kidole gumba hakiinuki. Baada ya wiki moja nilikuwa napandisha goti juu kama mtu anayevuka tope, na wayo ukipiga sakafu pa! kila hatua.

Mtaalamu wa mazoezi tiba aliyenipokea hakutumia mashine yoyote. Aligonga kwa kidole pale chini ya goti, nami nikahisi mfano wa umeme ukishuka hadi vidoleni, akaniambia kwamba neva imebanwa hapo. Hiyo ilikuwa dakika ya kwanza. Kipimo cha umeme cha neva kilichothibitisha maneno yake nilikipata baada ya miezi minne, na upasuaji miezi mitano baadaye. Hospitali za umma za England zina lengo la kuwaanzishia matibabu asilimia 92 ya wagonjwa ndani ya wiki 18, lengo ambalo halijafikiwa tangu 2016, na barua za kuniomba radhi zilikuwa za adabu kabisa. Lakini nyuzi za neva zikishakufa huota upya kwa takribani milimita 1 tu kwa siku, na msuli uliokaa muda mrefu bila neva hunywea.

Mpwa wangu hakusubiri foleni. Alionwa siku ile ile alipofika. Tatizo ni kwamba kwa miezi miwili aliambiwa ni mgongo, akachomwa sindano za vitamini, na jirani akamchua kwa mafuta ya moto. Alipomfikia daktari wa upasuaji aliyeujua ugonjwa huo, kidole kiligonga pale pale, na katika wiki ya pili alikuwa mezani. Upasuaji wake haukutofautiana na wangu: mkato wa sentimita chache, utando unaobana unakatwa, neva inaachwa huru, na mgonjwa anarudi nyumbani. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ipo tangu 1996, na hospitali ya rufaa ya KCMC inafundisha madaktari hapo hapo Moshi, kwa hiyo kisu si hoja. Fedha ndiyo hoja, kwa sababu yeye alichangiwa na ukoo mzima ilhali mimi sikulipa hata senti, na hapo Uingereza wanatushinda bila ubishi.

Jambo moja daktari wa Moshi alilifanya ambalo wangu hakulifanya: aliuliza habari za kisukari na kukagua ngozi kutafuta mabaka ya ukoma, kwa kuwa ukoma nao huivimbisha neva hiyo, na hapo dawa hutangulia kisu. Vilevile, neva iliyobanwa karibuni mara nyingi hupona yenyewe mbano ukiondolewa, mradi mgonjwa aangaliwe kwa miezi michache badala ya kusahauliwa.

Ndiyo maana sasa anayenipigia simu namwuliza kwanza kama kuna mtu aliyemgonga chini ya goti. Wengi hushangaa, wakadhani natania. Mpwa wangu, ambaye bado huvaa kile kifaa cha plastiki cha kushikilia wayo anapokwenda shambani, alinipigia Jumapili iliyopita: «Mjomba, leo nimefika sokoni na ndala zote mbili.»