Dogo wa miaka 16 na dakika nne za maili: tumwache aifukuze saa au tumshike shati?

Kila baada ya muda anaibuka dogo, miaka 16 au 17 hivi, ana 4:02 kwenye maili moja, yaani dakika nne na sekunde mbili, na ghafla kila mtu anakuwa mtaalamu wa hesabu. Sekunde mbili tu ashuke chini ya dakika nne! Kocha anasema mbili tu, baba mtu anasema mbili tu, hata wasiojua maili ina mita ngapi nao wanasema mbili tu. Halafu unaanza ubishi uleule, wengine wanataka apangiwe siku, apewe wadhibiti kasi, yaani watu wa kumtangulia na kumshikia mwendo, ziwashwe zile taa zinazokimbia ukingoni mwa traki, anunuliwe spaiki, vile viatu vya misumari vya traki, zenye bamba la kaboni, avunje dakika nne tumalize kazi. Wengine wanasema mwacheni mtoto akue, saa haiendi popote. Mi nimeshakaa pande zote mbili kwa nyakati tofauti, na naona kila upande una hoja na kila upande unajidanganya kidogo.

Tuanze na hizo sekunde mbili zenyewe. Maili ni mita 1609 na kitu, yaani raundi nne za mita 400 halafu unabakiwa na mita tisa na ushee, ndo maana wanaanzia nyuma kidogo ya mstari wa kumalizia. Sasa ukimsikia mtu anasema "sitini mara nne, basi" ujue hajawahi kukimbia hicho kitu, maana ukipiga raundi zote sitini kamili bado zile mita tisa zinakula kama sekunde 1.4 na unafika kwa 4:01.4. Cha kuchekesha ni kwamba 4:01.4 ndo ilikuwa rekodi ya dunia ya Gunder Hägg wa Sweden tangu 1945, ikakaa pale miaka karibu tisa mpaka Roger Bannister wa Uingereza alipokuja na 3:59.4 pale Oxford tarehe 6 Mei 1954. Kwa hiyo raundi inatakiwa iwe 59.6, siyo 60, na kwa mwendo huo sekunde mbili ni kama mita 13. Mita 13 siyo kitu cha kusema "tu". Ni mgongo wa mtu unaouona unakwenda na huna la kuufanya. Na hazipotei pale mwisho watu wanapopiga kelele, zinapotea raundi ya tatu, miguu imeshaanza kuwa mizito, mwisho bado hauonekani na kila raundi mtu anajiambia anatunza nguvu kumbe anapunguza.

Wale wa "mwacheni akue" wana hoja moja naipenda sana, kwamba huo ukuta wa dakika nne wenyewe ni wa kubuni. Maili ni kipimo cha Waingereza. Dakika nne za maili ni sawa na kama 3:42 kwenye mita 1500, na dogo anayekimbia 3:41 kwenye 1500 hakuna anayempigia simu wala kumletea kamera, wakati kakimbia vizuri kuliko yule wa 3:59 anayebebwa juu juu. Ni kweli kabisa. Lakini lengo gani lisilo la kubuni? Mtoto anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kukimbia gizani anahitaji kitu cha kumtoa kitandani, na ukimwambia tunajenga uwezo wa mapafu kwa miaka sita ijayo atageuka upande wa pili alale. Namba inayoshikika inamwamsha. Hapo nawapa wale wa upande wa kwanza pointi yao.

Na wana mifano hai. Jakob Ingebrigtsen wa Norway alikimbia 3:58.07 Mei 2017 akiwa na miaka 16, watu wakasema atachomeka mapema, mwaka uliofuata akachukua dhahabu mbili za Ulaya, 1500 na 5000, na akiwa na miaka 20 akawa bingwa wa Olimpiki kule Tokyo. Hakuchomeka. Halafu Machi 2025 Sam Ruthe wa New Zealand akaenda 3:58.35 pale Auckland akiwa na miaka 15, wa kwanza wa umri huo kushuka chini ya dakika nne, na ilikuwa mbio iliyoandaliwa kwa kazi hiyo hiyo, mkimbiaji anayemzidi umri, Sam Tanner, akiwa naye mle ndani. Sasa unamwambiaje dogo wa leo kwamba hilo jambo si la umri wake?

Kuna mfano mwingine huwa nausumbukia zaidi, Nijel Amos wa Botswana. Olimpiki ya London 2012, miaka 18, fainali ya mita 800, David Rudisha anavunja rekodi ya dunia kwa 1:40.91 na yule dogo anafika wa pili kwa 1:41.73. Akaendelea kukimbia miaka mingi, mwaka 2019 akafika mpaka 1:41.89 pale Monaco, lakini 1:41.73 hakuishusha tena. Yaani siku yake ya haraka kuliko zote ilikuwa akiwa na miaka 18. Mfano huu kila upande unaudaka, huyu anasema mnaona alivyotumika mapema, yule anasema mnaona, angeambiwa asubiri angesubiri nini? Mi nimeelemea kwa huyu wa pili. Tunapomwambia mtoto "una muda" tunamwahidi kitu ambacho si chetu, hatujui goti lake litakuwaje akiwa na miaka 23.

Lakini angalia, majina yote hayo tunayajua kwa sababu walifika. Wale waliokimbia 4:01 wakiwa na miaka 16, wakapata ufa kwenye mfupa wa muundi, wakarudi haraka, wakaumia tena, wakaacha kimyakimya wakiwa na miaka 19, hao hakuna anayewataja kwenye ubishi. Ukihesabu waliovuka mto peke yao utadhani mto hauna mamba. Na hata waliovuka siyo wote walitoka wakavu. Alan Webb wa Marekani alipiga 3:53.43 mwaka 2001 akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, akabebeshwa matumaini ya nchi nzima. Akaja kuweka rekodi ya Marekani ya 3:46.91 mwaka 2007, siyo mchezo, lakini Olimpiki ya 2004 alitolewa mchujo wa kwanza na medali ya Olimpiki hakuwahi kuipata, na mpaka leo watu wanamzungumzia kama mtu aliyeshindwa. Kashindwa nini? Alishindwa kuwa yule waliyemuota akiwa na miaka 18, basi.

Suala la mwili nalo halina siasa. Mifupa ya kijana bado inarefuka, misuli na kano zinaivuta ikiwa haijakomaa, na programu ya kusaka muda ina kazi nyingi za kasi kali kwa wiki chache, ndizo hizo zinazovunja. Kwa wasichana ni zaidi, ukuta wao mara nyingi ni dakika mbili za mita 800, na unakuja kipindi hichohicho mwili unabadilika, uzito unaongezeka, muda unaweza kusimama mwaka mzima au ukarudi nyuma, na hapo mtu mzima asiye na akili anamwambia apunguze kula. Chakula kikiwa kidogo kuliko kazi, hedhi inakatika, mfupa unadhoofika, halafu wanashangaa ufa umetoka wapi. Mary Decker wa Marekani alikuwa maajabu ya mbio akiwa binti mdogo kabisa, majeraha ya miguu yakamkosesha Olimpiki ya 1976, na ubingwa wa dunia aliupata 1983, 1500 na 3000 zote mbili. Phoebe Gill wa Uingereza naye mwaka 2024 alikwenda 1:57.86 akiwa na miaka 17 na akaenda Olimpiki mwaka huohuo. Kwa hiyo inawezekana, ila ukiona kocha wa binti anaongea kilo kuliko anavyoongea usingizi, mtoe mtoto hapo.

Kinachonikera mimi siyo namba, ni siku. Namaanisha hii tabia ya kutangaza tarehe, Jumamosi fulani saa fulani dogo anavunja, kamera zimeshafungwa, ndugu wamekuja. Juni 2025 Faith Kipyegon alijaribu kushuka chini ya dakika nne za maili pale Paris, wadhibiti kasi 13, nguo maalumu, viatu maalumu, akamaliza kwa 4:06 na ushee. Hakufanikiwa, lakini alikuwa na miaka 31, dhahabu tatu za Olimpiki za 1500 nyumbani, rekodi ya dunia ya maili ya 4:07.64 tayari ni yake, amechagua mwenyewe na akikosa hapungukiwi kitu. Mchukue sasa mtoto wa miaka 16 umwekee sherehe ileile kwa saizi yake, apate 4:00.7. Huyo anarudi shule Jumatatu akiwa na nini? Siku ya namna hiyo ikikosa muda haina kitu kingine cha kukupa, hakuna aliyempita, hakuna aliyempiga, kuna yeye na saa na saa imekataa.

Halafu kuna kingine ambacho wapenda taa hawakisemi. Ubingwa wa dunia na Olimpiki hauna wadhibiti kasi. Pale watu wanaanza polepole, wanasukumana viwiko, unafungiwa ndani kwenye kona, mtu anafyatuka zikiwa zimebaki mita 300 na lazima uamue pale pale. Dogo aliyelelewa nyuma ya taa anajua kukimbia 59.6 kama saa ya ukutani, ila akiminywa kwenye raundi ya kwanza ya polepole, ya sekunde 64, anapagawa. Sisemi taa ni mbaya, zinafundisha kutulia na zinampa mtoto kujua mwendo unavyosikika mwilini. Nasema zisiwe shule yote.

Ndo maana mfano ninaoushika mimi ni wa zamani, Jim Ryun, mwanafunzi wa kwanza wa sekondari kushuka chini ya dakika nne. Compton, California, tarehe 5 Juni 1964, miaka 17, 3:59.0. Na unajua alifika wa ngapi? Wa nane. Wanaume saba walikuwa mbele yake na wote nane walishuka chini ya dakika nne. Hakuwa anaifukuza saa, alikuwa anafukuza migongo ya watu wazima, saa ikaja yenyewe. Miaka miwili baadaye akawa na rekodi ya dunia, 3:51.3. Kusema kweli naye hakuokoka kila kitu, mwaka 1969 alitoka nje ya traki katikati ya mbio, amechoka na kubebeshwa matumaini ya watu, kwa hiyo sidai kwamba kuna njia isiyo na maumivu.

Ila kama dogo ni wangu na ana 4:02, sitamshika shati na sitampangia sherehe. Nitamtafutia mbio yenye watu sita au saba wanaomzidi, nimwambie akae wa tano mpaka kengele ya raundi ya mwisho ilie, na nisimtajie muda wowote mpaka avue viatu. Akishuka ameshuka, na akipata 4:00.7 atakuwa na habari ya jamaa aliyempita mita 50 za mwisho, anamjua jina, na wiki tatu zijazo wanakutana tena.