Kibarua cha Ripken kiliota nyasi kwa mechi sita

Aprili 4, 1988, Baltimore Orioles walifungua msimu wa besiboli nyumbani kwao, Memorial Stadium, wakachapwa 12-0 na Milwaukee Brewers. Siku nane baadaye walikuwa wamecheza mechi sita na kupoteza zote sita, na uongozi ukamfungashia virago kocha mkuu, Cal Ripken Sr. Nafasi yake akapewa Frank Robinson, gwiji wa klabu hiyohiyo, mtu mweusi wa kwanza kuwahi kuifundisha timu ya ligi kuu ya besiboli Marekani. Robinson akapoteza ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi kumi na tano. Jumla zikawa 21 mfululizo tangu pazia la msimu lifunguliwe. Rekodi ya awali ilikuwa 13. Hadi leo hakuna timu ya ligi hiyo iliyoanza vibaya kuliko wao.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na kweli kina vituko vyake. Mtangazaji mmoja wa redio wa Baltimore aliapa kutotoka hewani mpaka timu ishinde, akajikuta amekaa studio zaidi ya siku kumi. Ila katika kucheka, Ripken Sr. hutajwa kwa sentensi moja tu: "wakamfukuza kocha, haikusaidia." Halafu msimulizi anakimbilia kipigo cha kumi na nne, cha kumi na nane, cha ishirini na moja. Mimi nataka kubaki kwenye ile mechi ya sita, maana hapo ndipo uamuzi ulipofanyika, na wakati ule hakuna aliyejua kuwa zinakuja nyingine kumi na tano.

Msimu wa besiboli Marekani una mechi 162. Timu hucheza karibu kila siku kuanzia mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili hadi mwisho wa Septemba. Mechi sita kati ya 162 ni chini ya asilimia nne ya msimu. Kwa sisi tuliolelewa na soka, hesabu hiyo inaeleweka vizuri zaidi ikigeuzwa: Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina mechi 30 kwa kila timu, na asilimia nne ya 30 ni mechi moja na kidogo. Yaani ni kama kocha amefungwa mechi ya ufunguzi, timu ikapanda basi kurudi kambini, na njiani simu ya katibu mkuu ikaita. Tumezoea makocha wetu kutimuliwa mapema, hilo halina ubishi, lakini hata mashabiki wetu wenye hasira za karibu wangeuliza kulikoni. Vile vipigo 21 vyote kwa jumla havifiki hata mechi nne za ligi yetu.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa soka hulikosa. Katika besiboli timu bora hupoteza sana na timu mbovu hushinda sana. Seattle Mariners wa 2001 walishinda mechi 116, rekodi wanayoshirikiana na Chicago Cubs wa 1906, na bado walipoteza 46. Chicago White Sox wa 2024, waliopoteza 121, walishinda 41. Mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, akiamka vizuri siku hiyo, timu ya mkiani inamwangusha bingwa, na kesho yake maisha yanaendelea. Kwa sababu hiyo matokeo ya wiki moja hayasemi mengi. Chukua timu ya kawaida kabisa, inayoshinda nusu ya mechi zake. Nafasi yake ya kupoteza sita za mwanzo kwa bahati mbaya tupu ni moja kati ya 64. Inaonekana ndogo, ila mwaka 1988 ligi ilikuwa na timu 26. Zote zingekuwa za kawaida, basi kila baada ya miaka miwili au mitatu mojawapo ingeanza na sita bila ushindi, pasipo kocha yeyote kukosea chochote. Ikiwa timu ni dhaifu, ya kupoteza sita katika kila kumi, nafasi hiyo inapanda hadi moja kati ya 21. Na Orioles walikuwa dhaifu. Kila mtu mjini alilijua hilo kabla ya Aprili.

Hapo ndipo upande wa pili, wa wanaoutetea uamuzi ule, unapoanza kusema, na una hoja.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba Ripken hakuhukumiwa kwa mechi sita. Alihukumiwa kwa 168. Mwaka 1987, msimu wake wa kwanza kamili, timu ilishinda 67 na kupoteza 95. Ukijumlisha na sita za 1988, kocha yeyote mwenye matokeo hayo yuko kwenye kamba nyembamba. Pili, mmiliki Edward Bennett Williams, mwanasheria mkubwa wa Washington, alikuwa akiugua saratani na muda wake ulikuwa unayoyoma. Alifariki Agosti mwaka huohuo. Mtu aliye katika hali hiyo huwezi kumwambia avute subira mpaka Julai. Tatu, Baltimore ulikuwa mji wenye kidonda. Miaka minne kabla, usiku wa Machi 1984, klabu yao ya kandanda ya Kimarekani, Colts, ilipakia vitu kwenye malori na kuhamia Indianapolis watu wakiwa wamelala. Mji ulioibiwa timu moja hauwezi kukaa kimya timu ya pili ikioza. Uongozi ulihitaji kuonyesha kwamba unaona na unajali.

Hoja hii ya tatu naiheshimu kuliko zote. Ya kwanza ndiyo inayonitatiza. Ikiwa kosa la Ripken lilikuwa msimu wa 1987, basi msimu huo uliisha mwanzoni mwa Oktoba. Uongozi ulikuwa na Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, Februari na Machi za kumwita ofisini na kumshukuru kwa huduma yake. Badala yake ukampa kambi ya mazoezi, ukamwachia apange kikosi, ukamsimamisha mbele ya mashabiki siku ya ufunguzi. Huwezi kumpa mtu shamba msimu wa kupanda, kisha ukamnyang'anya wiki ya kwanza kwa madai kwamba mavuno ya mwaka jana yalikuwa haba. Ama ulimwamini Machi, ama hukumwamini. Mechi sita zilibadilisha kitu kimoja tu, nacho ni kelele za nje.

Na huyu hakuwa kocha wa kukodi. Ripken Sr. aliingia kwenye mfumo wa Orioles mwaka 1957 akiwa mchezaji kijana wa ligi za chini. Hakufika ligi kuu kama mchezaji. Akawa kocha wa timu za vijana, miaka nenda rudi, katika vimiji ambavyo mashabiki wa Baltimore hawajawahi kuvisikia, akiwafundisha wavulana namna ileile moja ya kudaka na kurusha. Alisubiri miaka thelathini kupata timu kubwa. Julai 1987 akawa mtu wa kwanza katika historia ya ligi kuu kuwafundisha wanawe wawili kwa wakati mmoja, Cal Jr. na Billy. Wote wawili walikuwa kikosini baba yao alipotimuliwa, na wote wawili walitakiwa kucheza jioni. Billy aliivua namba 3, akavaa namba 7, namba ya baba yake. Sijui barua gani ya malalamiko ingesema zaidi ya hapo.

Tukubali kwamba vipigo 21 havikuwa bahati mbaya peke yake. Orioles walimaliza msimu na ushindi 54 na vipigo 107. Timu ya kiwango hicho ina nafasi moja kati ya zaidi ya elfu tano ya kupoteza mechi 21 mfululizo kwa bahati tu. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kingine: wapigaji walioanza kuogopa fimbo yao wenyewe, kamera zilizojaa uwanjani zikisubiri aibu ya kesho, wachezaji waliohesabu siku badala ya mipira. Mtetezi wa uamuzi ule atasema hiyo ndiyo dalili ya timu iliyohitaji sura mpya. Sawa. Lakini sura mpya ilikuwapo kuanzia mechi ya saba. Kumi na tano kati ya 21 zilichezwa chini ya Robinson, ambaye besiboli aliijua kama kiganja cha mkono wake na ambaye wachezaji walimheshimu. Kama tatizo lilikuwa kocha, dawa ilikwishanywewa na homa ikazidi kupanda.

Jaribio hilohilo lilirudiwa, kwa usahihi wa kutisha, mwaka 2002. Detroit Tigers walipoteza sita za mwanzo, wakamtimua Phil Garner, wakampa timu Luis Pujols. Wakapoteza nyingine tano. Wakamaliza na ushindi 55 na vipigo 106, karibu sawa kabisa na Baltimore ya 1988. Mwaka uliofuata, chini ya kocha mwingine tena, wakapoteza 119.

Ningekuwa mwongo nikisema kubadili kocha katikati ya msimu hakusaidii kamwe. Philadelphia Phillies walimtimua Joe Girardi mwanzoni mwa Juni 2022 wakiwa na ushindi 22 na vipigo 29, na chini ya Rob Thomson wakafika fainali. Florida Marlins walifanya hivyo 2003, wakamleta Jack McKeon, mzee wa miaka 72, wakabeba ubingwa. Tazama tu kalenda na vikosi vyao, lakini. Phillies walikuwa wamecheza mechi 51 na Marlins 38, si sita, na zilikuwa na wachezaji wa kushinda. Upande wa pili wapo Washington Nationals wa 2019: ushindi 19, vipigo 31, jiji zima likitaka kichwa cha Dave Martinez. Klabu ikamwacha. Wakashinda 74 kati ya 112 zilizobaki, na Oktoba 30 wakawa mabingwa. (Walimfukuza mwaka 2025, lakini pete ya ubingwa hakuna anayemnyang'anya.)

Kikosi cha Baltimore 1988 kilikuwa na Cal Jr. na Eddie Murray, wawili ambao leo wako kwenye jumba la magwiji wa besiboli, na baada yao pengo kubwa. Ukitaka kuona kilichoiponya klabu, usiangalie Aprili. Angalia Juni, walipomchagua mrushaji Gregg Olson kwenye mgawo wa wachezaji chipukizi. Angalia Julai, walipomtoa Mike Boddicker kwenda Boston na kumpata kijana Brady Anderson. Angalia Desemba, walipoachana na Murray mwenyewe. Msimu wa 1989 walishinda 87, ongezeko la ushindi 33, wakakosa ubingwa wa kundi lao kwa mechi mbili tu nyuma ya Toronto. Robinson akachaguliwa kocha bora wa mwaka wa ligi ya Amerika, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, na alistahili. Ila kocha alikuwa yuleyule aliyepoteza mechi kumi na tano za kwanza. Waliobadilika ni waliovaa glavu.

Kuhusu ile hofu ya mji, jibu lilipatikana haraka kuliko uongozi ulivyotarajia. Aprili 29 Orioles waliifunga Chicago White Sox 9-0 ugenini na mkosi ukavunjika. Wakapoteza mbili zaidi. Mei 2 wakarudi nyumbani wakiwa na ushindi mmoja na vipigo 23, timu mbovu kuliko zote Marekani, na waliokuja kuwalaki Memorial Stadium walikuwa 50,402. Hakuna aliyewalazimisha. Usiku huo ilitangazwa kwamba klabu imekubaliana na serikali ya jimbo kuhusu uwanja mpya, ule uliokuja kufunguliwa 1992 kwa jina la Camden Yards, na Orioles wakashinda 9-4. Watu haohao ambao eti wasingevumilia kipigo cha saba bila kichwa cha kocha walivumilia 23, wakanunua tiketi, wakaja na watoto wao. Sidhani walikuja kumshukuru mtu kwa kumfukuza Ripken.

Na Ripken? Mwaka 1989 klabu ilimwita arudi, safari hii kuwa kocha wa kituo cha tatu, chini ya Frank Robinson aliyechukua kiti chake. Alikubali. Msimu ule wote wa ushindi 87 alikuwa pembeni ya kituo cha tatu, akiwapungia wachezaji mkono wakimbilie kituo cha mwisho kufunga pointi, wanawe wawili wakiwa miongoni mwao, na alibaki kwenye kazi hiyo mpaka 1992.